Kona ya Pazi na Wizara ya Unyoofu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeshauriwa nianze hivyo, na mimi ni mtu wa kusikia ushauri. Kama msomaji ataona waziri fulani anafanana na waziri wa kwao, au kichochoro fulani kinafanana na kile anachopita kila asubuhi, asinilaumu mimi. Ayalaumu macho yake.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo nilikuwa karani. Nilipokea barua zinazoingia Wizara ya Unyoofu, nikazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kisha nikazifungia kabatini. Wizara yetu ilizaliwa siku Rais alipochungulia chini kutoka kwenye helikopta akauliza, "Ule uchafu ni wa nini?" Wakamweleza kwa adabu kwamba haukuwa uchafu, ulikuwa mji mkuu wake. Kabla helikopta haijazima injini, sisi tulikuwa tumeshaanzishwa.

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Fulgensi Kabwere, alikuwa mtu mnyoofu kuliko wote niliowahi kuwafanyia kazi. Viti vya ofisini kwake vilipangwa kwa kamba. Mgeni akisogeza kiti ili akae vizuri, aliandikiwa barua ya onyo. Nyuma ya kiti chake ilitundikwa ramani ya jiji, na kwenye ramani hiyo, baina ya reli na mto, palikuwa na pengo jeupe lililoandikwa "Eneo Tupu Namba Saba".

Watu elfu kumi na moja waliishi ndani ya utupu huo. Walikuwa na misikiti mitatu, makanisa manne, mashine mbili za kusaga, na mbunge wao, ambaye utupu ulimchagua kila baada ya miaka mitano kwa kura nyingi. Wenyewe waliuita mtaa wao Kwa Siwatu. Lakini ramani ilichorwa na mtaalamu, na wao walikuwa wakazi tu, kwa hiyo mtu mwenye akili timamu alijua wa kumwamini.

Asubuhi moja Waziri alisimama mbele ya ramani akiwa na rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka relini hadi mtoni.

"Hii ni Barabara ya Unyoofu," alisema. "Upana, mita thelathini. Isipinde hata kwa bahati mbaya. Nitaizindua Siku ya Uhuru."

"Mheshimiwa," aliuliza mpimaji mmoja kutoka nyuma, "mtoni pale hakuna daraja. Barabara itakuwa inakwenda wapi?"

Waziri alimtazama kwa huruma. "Itakwenda mbele," alijibu.

Mpimaji huyo aliitwa Lusajo Kibona. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwembamba, mpole, na katika Idara nzima ya Upimaji ndiye pekee aliyejua kupima. Wengine wote walikwisha kupandishwa vyeo wakawa wakuu wa vitengo. Kazi ikaangukia kwake, nami nikapewa daftari nimfuate kuandika kumbukumbu.

*

Tulisimamisha darubini yetu ya miguu mitatu kando ya reli. Lusajo akainama, akafumba jicho moja.

"Unaona nini?" nikauliza, kalamu tayari.

"Ukuta."

Tukasogea hatua kumi. "Sasa?"

"Ukuta mwingine."

Tukaingia kwenye kichochoro, tukapita penye cherehani, tukapita penye mtu anayepaka viatu rangi, tukasimamisha tena. Lusajo akainama, kisha akaruka nyuma kama aliyeungua.

"Sasa unaona nini?"

"Jicho," alisema.

Upande wa pili wa darubini alikuwa ameinama mama wa miaka sitini na kitu, kanga mbili, mkononi upawa, akichungulia ndani kwa makini. Ndiye Bi Siwatu mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi," alisema Lusajo.

"Marahaba, mwanangu. Mnampiga picha nani?"

"Hatupigi picha, Bibi. Tunapima mstari."

"Unatoka wapi mstari wenu?"

"Relini."

"Unakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Sasa si muulize njia!" alisema Bi Siwatu, akishangaa kwamba watu wazima wenye mashine wanaweza kupotea kiasi hicho. "Piteni hapa kwa huyo wa vitanda, kateni kushoto penye bomba, mkiona mbuzi mweupe amefungwa mko karibu."

Lusajo alifungua ramani akamwonyesha mstari mwekundu. Alimweleza polepole, kwa heshima, huku sauti ikipungua, kwamba katikati ya barabara mpya itapita katikati ya chumba chake cha kulala, na kwamba ilimpasa kupigilia kigingi cha chuma chini ya kitanda.

Bi Siwatu aligeuka akautazama mlango wa chumba chake. Mimi nilitegemea kelele, kwa sababu kwenye fomu yetu kuna sehemu maalumu ya kujaza kelele.

"Chini ya kitanda hapana," alisema mwisho. "Kuna kuku ameatamia. Leo siku ya tisa. Ukigonga nyundo mle, mayai yote yataharibika. Rudi baada ya siku kumi na mbili, nitakukaribisha mwenyewe."

Lusajo, aliyelelewa vizuri na wazazi wake, aliandika barua wizarani kueleza kwamba kigingi namba nne kimechelewa kwa sababu ya kuku. Wizara ilichukulia jambo hilo kwa uzito. Kamati iliundwa. Mjumbe mmoja alihoji vipi kuku aweze kuatamia ndani ya Eneo Tupu. Mwingine alitaka kujua kama kuku huyo ana kibali. Siku kumi na mbili zikapita kamati ikiwa bado inatafuta mwenyekiti, na katika siku hizo Lusajo aliamriwa achore hali ya mtaa ilivyo, ili tupate kumbukumbu ya kile kitakachoondolewa.

*

Siku ya kwanza alipotea mara sita. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu alikuwa anawaelekeza wengine.

Kila alipofika penye pindo alisimama akauliza, "Hapa njia imepinda kwa nini?" na kila mara mtu alikuwa na jibu. Hapa palikuwa na choo cha mwalimu. Hapa mashemeji wawili waligombana, kila mmoja akajenga akimpa mwenzake kisogo. Hapa mwenye nyumba aliwahi kuwa na bibi mzee asiyeona, majirani wakaupindisha ukuta hatua ishirini ili ajishikilie hadi msikitini. Lusajo aliandika yote kwenye ukingo wa mchoro wake, mpaka ukingo ukawa mpana kuliko mchoro.

Mchana alikula kwa Bi Siwatu, maana kule mtu akionekana mara tatu kwenye kichochoro kimoja huhesabiwa ana njaa. Siku moja alimuuliza yeye alifikaje pale kwanza, kabla ya wote.

"Kwa toroli," alisema Bi Siwatu akipepeta mchele. "Nilikuwa na mimba ya kwanza, marehemu mume wangu Mikidadi ananisukuma kwenda hospitali. Hapa palikuwa pori. Gurudumu likavunjika hapohapo unapoweka mguu. Mtoto hakusubiri fundi. Mikidadi akakata matawi, akatengeneza kibanda, akaniambia, 'Kaa siku saba upate nguvu, tutaondoka.' Dada yake akaja kuniogesha mtoto. Naye hakuwa na pa kulala, kikajengwa kibanda cha pili. Mume wake akamfuata. Wageni wakawa wanakuja kuona mtoto, mwanamke mmoja akaona watu, akaanza kupika uji pale chini. Ile njia unayoipima tangu juzi, inayojikunjakunja? Inatoka mlangoni kwangu, inapita kwa wifi, inakwenda kwenye uji."

"Na siku saba zikaisha?" aliuliza Lusajo.

"Zikaisha miaka arobaini na moja iliyopita," alisema Bi Siwatu.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima Lusajo raha. Alipima vichochoro arobaini na tatu. Vilipinda ovyo, vilipanda, vilishuka, hakuna viwili vilivyofanana. Ila hakuna hata kimoja kilichokuwa chembamba kuliko kipimo fulani, na kwenye kila kona kali, pembe ya ukuta ilikuwa imekatwa. Watu elfu kumi na moja, bila ofisa, bila fomu, walikuwa wametii sheria moja. Sisi wizarani tulikuwa na sheria mia tatu na hatukuwahi kuona hata moja ikitiiwa.

"Bibi, kipimo hiki kiliwekwa na nani?"

Bi Siwatu aliacha kupepeta. "Kamuulize huyo wa vitanda. Mimi siongei naye."

Huyo wa vitanda aliitwa Pazi. Alikuwa fundi mzee, mkavu, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, na nyumba yake ilitazamana na ya Bi Siwatu kwa upana wa kichochoro tu. Pembe ya chumba chake cha mbele ilikuwa imekatwa vibaya, matofali nje, kama iliyotafunwa.

"Kamuulize huyo mama," alisema Pazi bila kuinua kichwa kwenye randa. "Mimi siongei naye."

"Yeye ndiye kanituma kwako, Mzee."

Randa ilisimama. Pazi akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Mikidadi alipofariki," alisema, "tulimbeba kutoka mle ndani. Tulipofika hapa, jeneza likakwama. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Nyumba yangu nilikuwa nimeimaliza wiki hiyohiyo, chokaa bado mbichi. Watu wakaanza kusema tumwinamishe upande. Nikasema, Mikidadi hainamishwi. Nikaingia ndani, nikachukua nyundo, nikaivunja pembe ya nyumba yangu. Kitanda changu kikaonekana na mji mzima. Tukapita."

"Na hukuijenga tena?"

"Niijenge ili nikavunje tena akifa mwingine?"

"Sasa mbona Bi Siwatu haongei na wewe?"

Pazi alikohoa. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Nilisema neno. Palepale, mbele ya waombolezaji. Nilisema, 'Na huyu mama angejenga nyuma hatua moja, tusingefika huku.' Nilikuwa nimechoka, chokaa inaniwasha macho. Likanitoka. Huu mwaka wa thelathini na tano."

Tangu siku ile, kila aliyekuja kutafuta pa kujenga aliletwa kwanza kwenye kona hiyo. Asubuhi alioneshwa na Bi Siwatu, jioni alioneshwa na Pazi, kwa sababu wawili hao hawakuweza kusimama pamoja. Mgeni alinyoosha mikono, akaona jeneza linataka nafasi gani, akaenda kujenga. Majirani wa pande nne walishuhudia, wakapanda minyaa mpakani, wakala kashata, na hati ikawa imekamilika.

Jioni ile Lusajo hakufunga vifaa vyake mapema kama kawaida. Alikaa kwenye baraza la Pazi akiitazama ile pembe. Aliniambia kwamba alisoma miaka mitano kujifunza kupima kuta, na hakuna aliyemwambia kwamba ukuta unaweza kuwa na tabia. Nilimwomba arudie vizuri niandike, lakini alikataa.

*

Ripoti yake ilikuwa ya sentensi chache. Ilisema: Eneo Tupu Namba Saba si tupu. Eneo hilo lina mpango. Mpango huo haujachorwa kwa sababu kila mkazi anaujua. Barabara ya Unyoofu ikipita, itavunja nyumba mia mbili na sita, na itakuwa inakwenda mtoni ambako hakuna anayehitaji kwenda kwa gari.

Waziri aliisoma akiwa amesimama. Kisha akamwita mwanasheria wa wizara.

"Kuna tatizo kidogo, Mheshimiwa," alisema mwanasheria. "Ili tuvunje nyumba, sheria inataka tuorodheshe nyumba. Tukiziorodhesha, tumekiri zipo. Zikiwapo, wenyewe wanadai fidia. Kwa ufupi, hatuwezi kuvunja nyumba ambazo hazipo."

Waziri alifikiri, na nilimwona akifikiri, kwa maana masikio yake yalisogea.

"Kama nyumba hazipo," alisema polepole, "basi katapila halitakutana na kikwazo chochote."

Mwanasheria alipiga makofi. Sote tukapiga makofi. Lusajo peke yake hakupiga, akasimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Ila kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mstari unapita wapi, kusimamishwa kwake kuliahirishwa hadi siku moja baada ya uzinduzi.

Wakazi nao waliandika barua. Ilikuwa nzuri sana, yenye saini na alama za vidole kurasa kumi na mbili. Niliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwa mkono wangu mwenyewe na kuifungia kabatini, kwa hiyo mtu asije akasema serikali haikuwasikiliza.

Vifaranga kumi na mmoja walianguliwa. Bi Siwatu alitimiza ahadi yake. Alisogeza kitanda, akashika taa ili Lusajo aone vizuri, na kigingi kikapigiliwa. Pigo la mwisho Lusajo alikosea, akajigonga kidole.

"Bibi, hamia kwa binti yako mapema," alisema, akikinyonya kidole. "Nakuomba. Mimi sina nguvu juu ya hili."

"Kuhama si kazi," alisema Bi Siwatu. "Niambie mtu wa kumwachia kichochoro. Atakayekuja akitaka kujenga, nani atamwonyesha? Wewe?"

Lusajo aliokota nyundo yake akatoka. Daftari langu halikuwa na sehemu ya kujaza jambo hilo.

*

Siku ya Uhuru ilipambazuka kwa jua zuri. Kando ya reli lilisimama katapila la manjano limefungwa utepe kama bibi harusi. Nyuma yake bendi ya matarumbeta, nyuma ya bendi wapigapicha, nyuma ya wapigapicha watoto wa shule walioletwa kufurahi.

Mpango ulikuwa hivi: Mheshimiwa atembee kwa miguu hadi kigingi namba nne, atoe hotuba kwenye mlango wa Bi Siwatu, apunge kitambaa, na katapila lianze kumfuata alikotoka. Akavaa suti nyeupe na kofia ngumu nyeupe, akaingia kichochoroni akifuatiwa na bendi. Lusajo alitangulia kuonyesha njia, uso umemshuka.

Jambo ambalo wizara haikuarifiwa ni kwamba Pazi alikuwa amefariki alfajiri ile. Hakuugua. Aliamka, akaswali, akakaa kwenye kitanda alichokuwa akikitengeneza ili apumzike, akapumzika moja kwa moja. Waislamu hawacheleweshi maiti. Saa nne kamili, tukiwa tumeupita mlango wa Bi Siwatu kwa hatua chache maana Waziri alitaka bendi imalize kwanza wimbo wa kusonga mbele, jeneza la Pazi lilitokea upande wa msikitini likija upande wetu.

Waziri alisimama. Jeneza halikusimama.

"Warudi nyuma," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, jeneza halirudi nyuma," Lusajo alinong'ona.

"Basi sisi turudi."

Tukageuka. Nyuma yetu tarumbeta kubwa kuliko zote lilikuwa limekwama baina ya kuta mbili pamoja na mpigaji wake, na nyuma yake bendi nzima imeshonana, wa mwisho wakiendelea kupiga kwa sababu hawakujua kilichotokea mbele. Wimbo ulikufa chombo kimoja kimoja.

Kule Kwa Siwatu, jeneza likipita, kila mwanamume aliye njiani hutia bega hatua chache, kisha humpisha mwingine. Ndivyo linavyokwenda haraka bila kumchosha mtu. Mwenye bucha aliyekuwa mbele kushoto alipomfikia Waziri, hakuangalia suti wala kofia. Aliona bega.

"Chukua, ndugu," alimwambia, akampa mti wa kubebea.

Namwandika Mheshimiwa kwa haki: alichukua. Sidhani alipata muda wa kuunda kamati. Bega lake likaingia chini ya jeneza, kofia ngumu ikaanguka, watu wakaanza kumsukuma kwa nyuma huku wakisoma, "La ilaha illallah," naye akawa anakwenda. Lusajo alikuwa kulia kwake, amebeba upande mwingine, machozi yanamtiririka wazi. Wanabendi waliinua vyombo vyao juu ya vichwa na kujibana ukutani, na lile tarumbeta kubwa, kwa juhudi za watu wanne, likang'oka.

Tulifika kwenye ile kona iliyotafunwa. Jeneza likazunguka, likapita. Pande zote mbili ilibaki nafasi ya ngumi moja.

Bi Siwatu alikuwa amesimama mlangoni pake, kanga imefunika nusu ya uso. Jeneza lilipofika usawa wake alinyoosha mkono akaugusa ubao.

"Pita, Pazi," alisema. "Pita salama. Nafasi ipo."

Watu wa mtaa walisikia, na hatua zao zikapoteana kidogo. Kwa miaka thelathini na tano hakuna aliyekuwa amemsikia akilitamka jina lile. Nililiandika kwenye kumbukumbu. Baadaye niliambiwa nilifute, halihusiani na barabara.

Waziri hakupata wa kumpisha mpaka makaburini, kwa kuwa kila mtu aliyemtazama usoni aliogopa kumwomba mti. Baada ya mazishi alirudishwa mtaani kwa mkono, kama mwenzao, akakalishwa mkekani na sinia la ubwabwa likawekwa mbele yake. Alikula sana. Mabega ya suti yake yalikuwa na vumbi la mbao, maana Pazi alitengenezewa jeneza na wanafunzi wake palepale karakanani.

Katapila lilisubiri hadi mafuta yakaisha.

*

Kesho yake magazeti yote yalibeba picha moja: Waziri bila kofia, shingo imepinda, mdomo wazi, jeneza begani. Chini yake waliandika, WAZIRI ABEBA MZIGO WA WANYONGE. Nchi ililia. Akina mama walikata picha hiyo wakaibandika milangoni. Rais alipiga simu, kwanza kumpongeza, kisha, kwa sauti nyingine, kumuuliza kama ana nia ya kugombea kitu.

Mheshimiwa hakuwa mjinga. Mtu hawezi kuuvunja mtaa uliomfanya apendwe. Wiki ileile aliitisha waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "wizara yangu inayo furaha kutangaza matokeo ya mradi wake wa siri wa miaka arobaini na moja. Kwa kutumia utaalamu wa hali ya juu, tumebuni, tumepima na kusimamia ujenzi wa mtaa wenye njia zilizopinda kwa kiwango sahihi kabisa. Kila kona mliyoiona ni kona ya serikali."

Wizara ikabadilishwa jina kuwa Wizara ya Unyoofu na Mapindo. Mchoro wa Lusajo ukapigwa muhuri na kurudishwa tarehe nyuma, ukaonekana umechorwa miaka kumi kabla ya yeye kuzaliwa. Kusimamishwa kwake kazi kulifutwa, akafanywa Mkurugenzi wa Kona.

Alikwenda kumpa Bi Siwatu habari. Alimkuta anakunja kanga za eda ya mjane wa Pazi, maana sasa alikuwa akishinda huko tangu asubuhi.

"Nyumba yako haivunjwi tena, Bibi."

"Nimesikia. Na wanasema wao ndio waliojenga?"

"Wanasema."

"Basi wakumbushe bati langu la jikoni linavuja," alisema Bi Siwatu. "Wenye nyumba waje wazibe."

Lusajo alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu alikuwa na habari nyingine. Wizara, kwa kuwa mradi ulifana, iliamua kuurudia. Kwenye uwanda mmoja nje ya jiji utajengwa mtaa wa mfano, nakala kamili: vichochoro vilevile arobaini na tatu, vimepinda palepale, hata kona za mashemeji. Yeye ndiye msimamizi.

Bi Siwatu aliweka kanga chini. "Na huko, nani amejifungua?" aliuliza.

*

Mtaa wa Mfano ulikamilika kabla ya wakati, jambo lililowatia wengi wasiwasi. Kuta zilipinda kwa vipimo. Pembe za kona zilijengwa nzima, kisha zikavunjwa na mkandarasi aliyeshinda zabuni ya kuvunja. Nyumba mia sita na nne zilipakwa rangi moja. Palipangwa hata mahali pa uji, pakawekwa kibao: UJI. Hakuhamia mtu.

Wizara ilitoa matangazo redioni. Ikatoa miezi mitatu ya bure, kisha sita. Watu walikuja kuangalia, wakatembea kwenye vichochoro wakinong'ona kama walio makaburini, wakarudi makwao. Lusajo aliandika barua ya kuacha kazi, fupi kuliko ripoti yake, nami nikaigonga muhuri. Sasa amepanga chumba cha mbele cha marehemu Pazi, anapima mashamba ya watu na kulipwa akimaliza, na nimesikia kila mgeni anayetaka kujenga Kwa Siwatu hupelekwa kwake baada ya kupita kwa Bi Siwatu.

Mtaa wa Mfano ukabaki na mlinzi mmoja, Bwana Ndaro, na mkewe aliyeitwa Mama Tuli. Baada ya mwaka ikaletwa taarifa wizarani kwamba mali ya umma imeharibiwa: katika nyumba namba mia moja na kumi na nne, mtu ametoboa ukuta. Tundu likazibwa. Likatobolewa tena. Lilipozibwa na kutobolewa mara ya tatu, nilitumwa mimi na daftari langu.

Nilimkuta Mama Tuli anakaanga maandazi kando ya tundu lenyewe. Hakujificha.

"Kisima kiko upande ule, baba," alisema. "Kwa hizo njia zenu naizunguka mitaa yote na ndoo kichwani. Nimepitisha njia hapa."

"Lakini njia hii haipo kwenye mpango," nilimweleza.

"Ndiyo maana nimeitoboa."

Tulipokuwa tunazungumza, mwanamke mmoja alipita kwenye tundu na ndoo, akasalimia, akachukua maandazi mawili. Alitoka wapi? Kijiji cha pili, alisema. Kupitia hapa ni karibu. Mwanamume mmoja alikuwa ameegesha baiskeli mlangoni mwa nyumba namba mia moja na kumi na tano na kutandika vifaa vya kuziba pancha, kwa sababu hapo, alisema, watu wanapita. Dirisha la juu yake lilikuwa na pazia. Ndani mtoto alikuwa analia, na mtu akimbembeleza.

Nilifanya ukaguzi wangu kama nilivyoagizwa. Nilitembea vichochoro vyote arobaini na tatu, nikavikuta vikamilifu na vitupu. Nilikaa kwenye benchi la Mama Tuli, nikanywa chai, nikafungua daftari, nikaandika kwa mwandiko wa kazi: "Nimekagua. Hakuna tundu."

Kisha nikapita humo, maana basi la kurudi mjini lilikuwa linasimama upande ule.